London ya Nakuru na printa iliyopotea sebuleni: jinsi majina yanavyotafutwa kwenye waifai ya nyumbani

Ukipanda matatu mjini Nakuru ukamwambia makanga, "London," hakuulizi pasipoti. Anagonga bodi, mnaondoka, na baada ya muda mfupi unashushwa London, mtaa wa watu wenye kuku na matangi ya maji. Neno lilo hilo ukilitaja mbele ya karani wa shirika la ndege, hesabu ya nauli inabadilika kabisa. Kati ya makanga na karani hakuna aliyekosea. Jina ni moja, ila umewauliza watu wawili tofauti.

Kumbuka hilo, maana ndilo linaloeleza malalamiko ninayoyasikia karibu kila mwezi tangu faiba ianze kuingia mitaani kwetu: "Intaneti iko, YouTube inacheza, lakini laptopu inasema printa haipo. Na printa iko pale, naipita kila asubuhi nikienda jikoni." Badala ya printa weka kamera ya getini, runinga, au kompyuta ya zamani mliyoigeuza kuwa ghala la picha. Malalamiko ni yale yale, na lawama huangukia kampuni ya intaneti, ambayo safari hii haina kosa.

Tuanze na maneno mawili. Kila kifaa kilichounganishwa na rauta yako kina anwani ya IP, yaani namba kama 192.168.100.14. Kompyuta zinazungumza kwa namba hizo tu. Jina, kwa mfano "printa-baraza", ni la kutusaidia sisi wenye vichwa vinavyosahau namba. Kwa hiyo kila unapoandika jina, ni lazima mtu fulani aligeuze kuwa namba kabla ya jambo lolote kutendeka. Shughuli hiyo ya kugeuza ndiyo inayoharibika, na inapoharibika vifaa vyenyewe vinaweza kuwa vizima kabisa.

Sasa fikiria ploti ya nyumba za kupanga. Rauta ndiyo msimamizi wa ploti. Kifaa kikiwashwa kinabisha hodi, msimamizi anakipa chumba: wewe ingia namba 14, wewe namba 7. Huduma hiyo ya kugawa vyumba inaitwa DHCP. Vyumba hivyo vinapangishwa kwa muda. Muda ukiisha mpangaji anaomba aongezewe, na kwa kawaida anaongezewa pale pale alipo. Ndiyo maana nyumba nyingi hukaa miezi bila tatizo, watu wakaamini kwamba namba ya printa ni ya kudumu kama namba ya kitambulisho.

Kisha stima inapotea.

Hapa kwetu sihitaji kueleza zaidi. Stima inaporudi, rauta nyingi za bei ya kawaida zinaamka bila daftari la wapangaji, kwa sababu lilikuwa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Vifaa vinaamka pamoja na kukimbilia mlangoni. Vingi vyenye adabu huomba chumba chao cha zamani, lakini vingine huanza upya kana kwamba havijawahi kuishi hapo. Aliyewahi anakaa.

Namba inayojibu, lakini si ya printa

Mama mmoja wa mtaa wetu ana biashara ndogo barazani. Anachapa kazi za shule za watoto, barua za kuomba kazi, programu za mazishi, shilingi 10 kwa ukurasa. Jioni moja baada ya stima kurudi, laptopu ikakataa kuchapa. Mwanawe wa kidato cha tatu alikuwa ameshafanya uchunguzi wake nilipofika. "Mjomba, printa iko sawa, nimeipigia ping na inajibu," akaniambia, akanionyesha skrini. Kweli, 192.168.100.14 ilikuwa inajibu bila kukosa hata mara moja. Na namba hiyo hiyo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya maka ubavuni mwa printa.

Ping ni sawa na kugonga mlango wa chumba na kusikia mtu akiitika. Inakuambia kuna mtu ndani, haikuambii ni nani. Nikamwomba aandike amri nyingine, arp -a, ambayo inaorodhesha namba ambazo laptopu imewasiliana nazo karibuni, na mbele ya kila namba anwani ya MAC ya mwenye chumba. Anwani ya MAC ni herufi na tarakimu 12 ambazo kifaa hutoka nazo kiwandani. Ya printa ilikuwa kwenye kibandiko nyuma yake. Tukalinganisha kibandiko na skrini, mimi nikisoma kwa tochi ya simu, kijana akifuatisha kwa kidole. Hazikufanana hata kidogo.

Aliyekuwa anaitika chumba cha 14 ni runinga. Baada ya stima kurudi, runinga ilikuwa imepata chumba cha zamani cha printa, na printa ikapewa 7. Laptopu ilikuwa inabisha kwa runinga ikiomba kuchapishiwa insha ya Gredi ya 6.

Kosa halikuwa la mtu. Windows inapoongeza printa, mara nyingi inahifadhi namba ya siku ile, halafu inaendelea kuitumia bila kuuliza tena. Hapo ndipo jina linapokuwa na faida: mwenye jina akihama chumba, jina linamfuata. Ila ni lazima ujue jina hilo linaulizwa kwa nani.

Wanaoulizwa ni wengi, na hawazungumzi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, hata mafundi. Tunadhani kuna orodha moja ya majina mahali fulani. Kwenye intaneti kubwa tunaweza kusema hivyo kwa ujumla: kuna DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ambao unaanzia kwenye mzizi na kushuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mwenye jina. Majina yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KENIC, Nairobi. Ngazi zinaeleweka, kama kutoka kaunti hadi wadi.

Ndani ya nyumba hakuna mpangilio huo. Kuna njia kadhaa zilizozaliwa nyakati tofauti, na kifaa kimoja hutumia hii, kingine ile.

Ya kwanza na ya zamani kuliko zote ni daftari la mfukoni, faili linaloitwa hosts lililo ndani ya kompyuta yenyewe. Ni ukumbusho wa enzi za kabla ya DNS, wakati kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, zilikuwa chache kiasi kwamba orodha nzima ya majina ilitunzwa na ofisi moja Menlo Park, California. Ukitaka jina la mashine yako liingizwe, uliwajulisha watu wa ofisi hiyo. Orodha ya dunia iliondoka, faili likabaki. Kompyuta yako hulisoma kabla ya kumuuliza mtu wa nje, kwa hiyo namba mbovu mliyoiandika humo miaka mitatu iliyopita itaendelea kuwapoteza mpaka leo.

Njia ya pili ni kumuuliza msimamizi wa ploti. Baadhi ya rauta hukumbuka jina ambalo kila kifaa kilijitambulisha nalo kilipoomba chumba, na ukiuliza "printa-baraza" zinajibu. Nyingine hazina habari. Zinagawa vyumba tu na kila swali la jina zinalipeleka nje kama lilivyo. Nyingi za rauta zinazoletwa na watu wa faiba nilizozifungua ziko kundi la pili.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Unasimama katikati ya ua na kupaza sauti: "Mama Mapacha yuko nyumba gani?" Hakuna orodha, hakuna karani. Mama Mapacha mwenyewe anaitikia: "Niko namba 7!" Njia hii inaitwa mDNS. Swali hutumwa kwa anwani ya pamoja, 224.0.0.251, ambayo vifaa vyote vinavyoelewa njia hii husikiliza, na mwenye jina hujijibia. Majina yake yote yanaishia na .local. Waliouandika rasmi utaratibu huu, Stuart Cheshire na Marc Krochmal wa Apple, waliuchapisha mwaka 2013, ingawa Apple ilikuwa ikiutumia miaka mingi kabla, na leo watu wengi wanaujua kwa jina la Bonjour. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na Avahi. Windows 10 na zilizofuata zinauelewa zenyewe.

Jambo moja kuhusu sauti ya uani: haivuki geti. Tutalirudia, kwa sababu lilimpata mama huyu huyu.

Kuna njia nyingine za Windows za enzi za nyuma, zile zenye majina yasiyozidi herufi 15. Zinafanya kazi inayofanana na hiyo, na bado zimo kwenye mashine nyingi. Tusizichimbe. Jua tu kwamba ndizo sababu jina bila .local wakati mwingine linakubali kwenye Windows na kukataa kwenye simu, na watu wakabaki kukuna kichwa.

Dawa ya 8.8.8.8

Tulipopata chanzo cha kwanza, nilimwambia kijana aandike jina la printa badala ya namba. Akaandika jina tupu, bila .local. Ikakataa. Nikauliza kama kuna mtu amegusa mipangilio ya DNS. Kimya kidogo, kisha: "Niliweka 8.8.8.8, mjomba, ili neti iwe na kasi."

Ushauri huo umezagaa kuliko ule wa kuweka simu iliyolowa ndani ya mchele. 8.8.8.8 ni seva ya majina ya Google, ilianza 2009, 1.1.1.1 ya Cloudflare ilifuata 2018. Ni seva nzuri, na kama za kampuni yako ya intaneti zinasuasua, kurasa zinaweza kuanza kufunguka mapema kidogo. Lakini hazikuongezei kasi uliyolipia, na kuhusu majina ya ndani ya nyumba yako hazijui chochote. Ni kama kumpigia karani wa Uingereza simu na kumuuliza Mama Mapacha anakaa wapi. Karani anakagua vitabu vyake kwa uaminifu na kukujibu kwamba mtu huyo hayupo duniani.

Naomba ulitazame jibu hilo vizuri, maana kulielewa ni nusu ya ufundi. "Jina hilo halipo" ni tofauti kabisa na kukosa jibu. Kompyuta ikisema haikumpata mwenye jina, swali lilifika kwa mtu na mtu huyo hamjui, au kelele zilipigwa na hakuna aliyeitika. Hapo chunguza nani aliulizwa. Ikisema muda umekwisha bila jibu huku ikionyesha namba, basi jina lilishageuzwa kuwa namba na shughuli ya majina imekwisha salama. Tatizo ni njia ya kufikia chumba, au ni chumba kisicho na mtu. Nimeona watu wakibadilisha DNS mara nne kutibu ugonjwa huu wa pili.

Mtego mwingine unaofanana: amri ya nslookup. Mitandaoni wanakuambia uitumie kupima jina. Nslookup humuuliza karani wa DNS peke yake. Haisomi daftari la hosts wala haipigi kelele uani. Kwa hiyo inaweza kukuambia printa-baraza.local haipo, wakati huo huo ping printa-baraza.local inajibiwa vizuri. Kwa mambo ya nyumbani anza na ping. Na usishtuke ukiona imejibiwa na namba ndefu inayoanza na fe80. Hiyo ni anwani ya IPv6, mtindo mpya wa anwani za IP, ni printa ile ile.

Tukaandika ping, jina, kisha .local mwishoni. Ikaitika. Laptopu ilikuwa imepaza sauti uani, na 8.8.8.8 haikuhusishwa kabisa.

Simu iliyo upande wa pili wa geti

Wateja wa mama huyu humtumia kazi kwa WhatsApp, kwa hiyo anataka kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu. Simu ilikuwa inasema hakuna printa. Nikafungua maelezo ya waifai kwenye simu: namba yake ilianza na 192.168.0. Ile ya laptopu ilianza na 192.168.100.

Kwa nyumba za kawaida, kama sehemu tatu za mwanzo hazifanani, hamko kwenye ploti moja. Rauta ya pili ilikuwa chumbani, imenunuliwa ili waifai ifike kitandani, imefungwa kama ilivyotoka kwenye katoni. Nayo ikajifanya msimamizi wa ploti yake, yenye geti lake, ndani ya ploti ya kwanza. Cha kushangaza ni kwamba simu iliweza kuifikia printa kwa namba, kwa sababu kutoka nje ya geti inaruhusiwa. Ilichoshindwa ni kusikilizwa ikipiga kelele. Hapo ndipo watu husema "majina yameharibika," na si majina.

Tuliingia kwenye rauta ya chumbani tukaigeuza iwe kituo tu cha waifai, isigawe vyumba. Rauta isiyo na chaguo hilo, unaizima DHCP yake, unaipa anwani isiyogongana na ya rauta kubwa, na waya unauingiza kwenye tundu la kawaida badala ya lile la intaneti. Simu ikaungana upya, ikapata 192.168.100, na printa ikatokea yenyewe kwenye orodha.

Geti linaweza kuwa la aina nyingine. Waifai ya wageni kwa kawaida imetengwa makusudi, mgeni asione vifaa vya wenye nyumba. Ukimpa mtoto nywila ya wageni, usishangae akikosa printa. VPN kwenye simu, ile inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali, hupeleka maswali mbali. Kwenye Android, tangu toleo la 9, kuna kipengele cha DNS ya Faragha ambacho, ukikiwekea jina la karani wa nje, hupeleka maswali ya majina moja kwa moja kwake, na majina ambayo rauta yako inayajua yanapotea. Simu za Android za zamani, nazo, hazikufundishwa kuelewa .local unapoiandika kwenye kivinjari, hata ukiwa ua mmoja. Kwa simu hizo tumia namba.

Kivinjari nacho kina tabia yake: ukiandika neno moja tupu kinadhani unatafuta habari, kinakupeleka Google. Weka http:// mbele.

Kuna wanaoniuliza kwa nini wasijibunie tu mwisho wa jina, .nyumbani au chochote kinachopendeza. Unaweza, mpaka siku dunia itakapouchukua. Ujerumani kuna rauta maarufu ambazo ukurasa wake wa mipangilio ulifunguliwa kwa kuandika fritz.box. Baadaye .box ikawa mwisho halali wa majina kwenye intaneti, na mwaka 2024 mtu asiyehusika akasajili fritz.box kwa jina lake. Aliyeuliza rauta yake alifika nyumbani; aliyeuliza karani wa nje alipelekwa kwenye tovuti ya mgeni. London mbili, kama yetu na ile ya Heathrow. Kwa hiyo acha .local kwa kelele za uani, na kama rauta yako inakuruhusu kuchagua mwisho wa majina inayoyatunza yenyewe, kuna home.arpa iliyotengwa kwa ajili ya nyumba mwaka 2018, au .internal ambayo ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, iliitenga mwaka 2024 kwa matumizi ya ndani. Hizo hazitauzwa kwa mtu. Jina la kifaa lenyewe liwe la herufi, tarakimu na kistari tu. "Printa ya Mama" yenye nafasi katikati haitakubali. Na ukiona printa-baraza-2.local ambayo hukuiita hivyo, kifaa kilidhani jina limeshachukuliwa na mwingine kikajiongezea namba.

Kuhusu wale wanaopandisha kifurushi kutoka kile cha chini hadi kikubwa ili printa ipatikane: siku taa ya LOS kwenye rauta inapowaka nyekundu na faiba imekatika huko barabarani, jaribu kuchapa. Kama laptopu na printa ziko ploti moja na huchapi kupitia huduma ya mtandaoni, karatasi itatoka. Waraka hautoki nje ya nyumba yako.

Kwa mama wa barazani tulimalizia kwenye rauta kubwa. Tuliingia ukurasa wa DHCP, tukaandika zile herufi na tarakimu 12 za kibandiko, tukamwambia msimamizi kwamba mpangaji huyu chumba chake ni 14 hata stima ipotee mara ngapi. Runinga tukaizima na kuiwasha ikatafute chumba kingine, kisha printa. Kwenye laptopu tukaiongeza printa upya kwa jina lenye .local, na ile 8.8.8.8 tukaiondoa, kijana akitazama kando.

Alipochukua kitambaa afute namba ya kalamu ya maka ubavuni mwa printa, mama akamzuia. "Iache hapo. Si sasa ndiyo imekuwa ya kweli?"